Anayepiga kelele zaidi asiwe wa kwanza kulipwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na kaya za Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe zilizoelemewa na madeni, na tuwaguse kidogo wanaozikopesha. Sisi ni watunza vitabu wa vikundi vya kuweka na kukopa na wasaidizi wa kisheria ngazi ya kata, kwa hiyo tutakayosema ni mambo ya daftari, risiti na mikataba.

Kinachozamisha kaya nyingi kuliko ukubwa wa deni ni kulipa kwa kufuata kelele. Anayefika mlangoni na pikipiki alfajiri, anayepiga simu mara kumi kwa siku, anayetishia kukuaibisha kwa majirani, huyo ndiye anayelipwa. SACCOS (chama cha akiba na mikopo) iliyonyamaza, yenye hati ya kiwanja kabatini, inaambiwa isubiri. Miezi mitatu ikipita, pikipiki bado inakuja alfajiri na kiwanja nacho kimeingia hatarini. Tunasema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli, ila msemo huo haumwambii mtu aanze na nani, alipe kiasi gani, na mwezi upi.

Anzeni na daftari. Chukua kaunta buku, fungua kurasa mbili kwa mkabala, chora safu saba: anayedai, msingi uliobaki (fedha uliyokopa yenyewe, bila riba), riba na faini, tarehe ya marejesho, dhamana uliyoweka, mdhamini wako, na tarehe ya mwisho uliyolipa. Watu wengi hukosea safu ya pili. Wanaandika rejesho la mwezi badala ya salio, kisha wanadhani wanadaiwa 85,000 kumbe wanadaiwa 900,000. Salio usilikisie. Nenda kwa mkopeshaji uombe taarifa ya mkopo wako kwa maandishi, uilinganishe na risiti zako mstari kwa mstari. Tofauti hujitokeza mara kwa mara, hasa pale marejesho yalipopokelewa mkononi na afisa wa mkopo bila risiti.

Andika na yale yanayosahaulika: mbolea uliyochukua kwa wakala wa pembejeo kwa ahadi ya mavuno, daftari la mangi wa dukani, ada ya shule binafsi iliyobaki, mkopo wa simu, fedha ya shemeji. Andika pia mikopo ya watu uliowadhamini. Udhamini ni deni lililolala. Likiamka halikuulizi kama umejiandaa.

Daftari hili lijazwe na mume na mke wakiwa pamoja. Tunajua ni kikao kigumu. Mwanamke ana VICOBA viwili (vikundi vya kuweka na kukopa) ambavyo mume havijui, mwanamume amekopa kwa dhamana ya pikipiki bila kusema. Lakini mpango wowote uliojengwa juu ya nusu ya madeni utavunjika siku nusu ya pili itakapobisha hodi, na mkopeshaji uliyemwahidi hatakuamini tena. Mkiona mazungumzo yanageuka ugomvi, mwiteni mtu mmoja mnayemheshimu wote, mshenga au mzee wa kanisa au wa msikiti, akae kama shahidi wa hesabu tu.

Baada ya madeni, andikeni kipato. Hapa ndipo mipango mingi ya marejesho inapoharibika, kwa sababu inaandikwa kwa mwezi wakati fedha ya mkulima inakuja kwa msimu. Mvua zetu kwa sehemu kubwa ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Januari mpaka Machi ni miezi ya kutoa: palizi, mbolea ya kukuzia, sare na madaftari ya watoto, na ghala limekaribia kuisha. Fedha ya mahindi inaanza kuonekana Julai. Mkulima wa kahawa kule Mbozi anasubiri mnada upite na chama chake cha msingi kimlipe. Wa chai Rungwe au Mufindi anaweza kuahidi kila mwezi kwa kuwa anachuma karibu mwaka mzima. Wa mahindi Mbarali au Ileje hawezi, na akiahidi anajidanganya pamoja na aliyemwahidi.

Chora miezi 12. Chini ya kila mwezi andika kitakachoingia, kwa kukadiria chini kidogo, kisha toa kwanza chakula, kodi ya pango, dawa, nauli ya kazini, umeme, na pembejeo za msimu ujao. Tunasisitiza pembejeo. Kaya inayolipa madeni yote Agosti kwa fedha ya mbolea inarudi kukopa Novemba, na Novemba ndipo masharti ya mikopo yanapokuwa mabaya kuliko wakati wowote. Kinachobaki baada ya hayo ndicho cha kugawana na wadai. Kikiwa 60,000, basi ni 60,000. Usiahidi 150,000 ili utoke ofisini kwa heshima.

Sasa nani alipwe kwanza? Tunashauri kuanza na deni ambalo usipolilipa unapoteza paa, shamba au chombo cha kazi: nyumba iliyowekwa rehani, cherehani, bodaboda, mashine ya kukoboa. Linafuata deni la kikundi, kwa sababu wanachama wamedhaminiana na hisa zao ndizo zitakazokatwa. Ukiharibu pale umeharibu mlango pekee wa mkopo wa riba ndogo ulionao. Mangi wa dukani na ndugu wanahitaji kupelekewa taarifa ya kweli na kiasi kidogo kisichokosa, hata 5,000 kwa wiki. Wale wa riba kali wana utaratibu wao, na inabidi tuueleze kwa hesabu.

Chukua mkopo wa mtaani wa 100,000, ule unaoitwa kausha damu. Unakatwa 5,000 ya fomu, mkononi unapata 95,000. Unalipa 4,500 kila siku kwa siku 30, jumla 135,000. Ukiangalia haraka utasema riba ni 40,000, kama asilimia 42. Lakini kumbuka fedha hiyo hukai nayo siku 30. Kuanzia kesho yake unairudisha kidogo kidogo, na kufikia katikati ya mwezi umeshabakiza sehemu tu. Ukipiga hesabu kwa salio la kila siku, gharama halisi inapita asilimia 70 kwa mwezi. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Na anayefanya biashara hiyo bila leseni anatenda kosa la jinai.

Deni la namna hii halimaliziki kwa kulilisha kila siku. Linauawa kwa mkupuo: mbuzi mmoja, nguruwe, mbao zilizokaa uani, redio kubwa. Mwite mkopeshaji mbele ya mjumbe wa shina au mtendaji, mhesabiane msingi na yote uliyokwisha kulipa, mkubaliane kiasi cha kufunga, ulipe, uandikiwe kuwa deni limekwisha. Wengi wao hukubali pungufu wakiona fedha taslimu mezani na wakijua unaufahamu ule ukomo wa riba. Usiuze ng'ombe wa maziwa wala cherehani kwa ajili hii. Na usiuze mahindi yakiwa bado shambani; mnunuzi wa namna hiyo anakupa bei ya dhiki yako, si bei ya soko, na ikifika Julai unavuna ghala la mtu mwingine.

Kibaya kuliko vyote ni kukopa kwa huyu ukamlipe yule. Deni la 100,000 linageuka mawili ndani ya mwezi, kila moja na fomu yake, faini yake na pikipiki yake.

Riba nyingine iko kwenye karatasi halali kabisa na watu hawaioni. Mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 10, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ikipigwa juu ya mkopo wote hadi mwezi wa mwisho, utalipa riba 350,000. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, ukirudisha msingi 100,000 kila mwezi, riba yote ni 192,500. Asilimia ni ileile, tofauti ni 157,500, zaidi ya rejesho zima la mwezi mmoja. Kabla hujasaini, uliza swali moja: "Riba hii ni ya salio au ya mkopo wote?" Jibu liandikwe kwenye mkataba, na nakala uondoke nayo.

Tukirudi kwa benki au SACCOS, jambo la muhimu ni kwenda kabla rejesho halijapita. Aliyefika siku 10 kabla ya tarehe ni mteja anayeomba kupangiwa upya. Aliyefuatwa siku 60 baadaye ni mdaiwa sugu, hata kama shida yao ni moja. Peleka barua, si maneno. Barua iwe fupi, mfano huu:

"Nina salio la msingi la shilingi 1,200,000. Mkataba unanitaka nirejeshe 100,000 ya msingi kila mwezi, na sitaweza kwa kuwa kipato changu ni cha mavuno. Naomba marejesho ya msingi yapangwe hivi: Januari hadi Mei, 30,000 kila mwezi, Juni nisilipe msingi kwa kuwa mahindi yanakuwa bado yanakauka, Julai, Agosti na Septemba, 250,000 kila mwezi, Oktoba hadi Desemba, 100,000 kila mwezi. Riba ya salio nitailipa kila mwezi bila kukosa. Naomba faini zisimame kuanzia tarehe ya makubaliano."

Ukijumlisha, 150,000 na 750,000 na 300,000 zinarudi 1,200,000 ndani ya miezi 12 ileile. Mkopeshaji hapotezi kitu. Ambatanisha ukurasa wako wa miezi 12, nakala ya mkataba, na ushahidi wa kilichokupata: cheti cha hospitali, barua ya kuachishwa kazi, au barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kuwa mvua ya mawe ilipiga viazi. Andika nakala mbili, yako igongwe muhuri wa mapokezi na tarehe. Muhuri huo ndio utakaokuokoa wakisema hukuwahi kufika.

Wakikubali, soma majibu kwa makini. Kipindi cha neema, yaani cha kusimamisha marejesho, ambacho riba inaendelea kutembea na kuongezwa kwenye msingi si neema kubwa. Uliza jumla mpya itakuwa kiasi gani hadi shilingi ya mwisho. Ukiongezewa muda kutoka miezi 12 hadi 24, rejesho linapungua lakini riba inapanda. Kuna wakati inafaa hivyo hivyo, ili mradi unajua unachonunua.

Jihadhari zaidi na msaada wa aina ya topu-apu, ambao walimu na wauguzi wetu wanaufahamu vizuri. Mkopo mpya unalipa wa zamani, unakatwa bima na ada upya, na mkononi unabakiwa na fedha kidogo inayoisha wiki mbili, huku miaka ya makato ikianza kuhesabiwa tena. Hilo ni kuuza mkopo mpya, halihusiani na kupanga deni upya. Mtumishi wa umma anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Mshahara wa 900,000 ubakize 300,000. Hati ya mshahara ikionyesha chini ya hapo, peleka suala kwa afisa utumishi kwa barua. Na wale wanaomwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri ili ajilipe mwenyewe siku ya mshahara, wanakuwa wamekwepa kinga hiyo kwa mikono yao. Nenda tawi la benki yako, funga kadi hiyo, omba nyingine. Deni linabaki palepale, ila mshahara unarudi kwako na mazungumzo yanaanza upya mkiwa sawa.

Kuhusu mikopo ya simu: baadhi hujikata yenyewe fedha ikiingia. Ndugu akituma nauli ya hospitali, inamezwa. Mwambie atume kwenye laini isiyo na deni, na wewe lipa deni lile kwa siku uliyopanga. Programu za mikopo zinazochota namba zote kwenye simu yako na kuwatumia watu ujumbe wa kukudhalilisha ni jambo jingine kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Hifadhi picha za ujumbe huo pamoja na namba na tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina tume yake ya kupokea malalamiko.

Nyumba na shamba vinahitaji maelezo ya pekee, maana hofu yake ndiyo inayowafanya watu wakimbie wakati wangepaswa kusimama. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zote zinasema hivyo. Rehani iliyo chini ya Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya maandishi ya siku 60 kabla ya kuuza, na mnada wa ardhi unatanguliwa na tangazo la hadharani la siku zisizopungua 14. Muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri. Bei ikishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko ya eneo hilo, sheria inamchukulia kuwa amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Siku 60 ni nyingi ukizitumia. Ni chache sana ukizitumia kuzima simu.

Mtego tunaoukuta mara nyingi ni huu: mkopaji anasainishwa mkataba wa mauziano badala ya mkataba wa mkopo. Amepewa 800,000, karatasi inasema ameuza kiwanja chake cha Uyole kwa 800,000, na mtendaji amegonga muhuri. Siku akichelewa, mkopeshaji anajitokeza kama mnunuzi, hana haja ya notisi wala mnada. Soma kichwa cha karatasi kabla ya kusaini. Kama hujui kusoma, mpelekee mtu asiye na uhusiano na mkopeshaji. Na tunawasihi watendaji wa vijiji na mitaa: muulizeni muuzaji mbele ya mwenza wake kama kweli anahama, kabla muhuri haujashuka.

Kushindwa kulipa deni ni suala la madai. Kuitwa kituoni kwa sababu tu marejesho yamechelewa si utaratibu, na kubebewa godoro na runinga bila amri ya mahakama si utaratibu. Lakini ukiwa ulidanganya kwa nyaraka za kughushi, au umeuza kwa siri kitu ulichoweka dhamana, hapo unaweza kujikuta kwenye jinai, kwa hiyo usiguse dhamana. Ukipata wito wa Mahakama ya Mwanzo, nenda. Asiyefika anahukumiwa kwa maelezo ya upande mmoja. Aliyefika na daftari lake na ukurasa wa miezi 12 anaweza kuomba alipe kwa awamu, na mahakama ina uwezo wa kuamuru hivyo.

Malalamiko yaanzie kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa barua. Yasipotatuliwa, benki na wakopeshaji wa daraja la pili wanalalamikiwa Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mbeya mjini. SACCOS inasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mlango wa karibu ni afisa ushirika wa halmashauri. VICOBA na vikundi vidogo viko chini ya halmashauri, kwa afisa maendeleo ya jamii. Msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017 hutolewa bure. Anayekudai ada ya kukufungulia jalada hakusaidii, anatafuta mkate wake kwenye shida yako.

Kwa bodi za SACCOS na viongozi wa vikundi tuna ombi moja. Mkutano mkuu ujao, wekeni kwenye ajenda ratiba ya marejesho inayofuata mazao: ya chai kila mwezi, ya mahindi na mpunga baada ya mavuno, ya kahawa baada ya malipo ya mnada. Wakopaji wenu ni walewale na mashamba ni yaleyale. Kinachohitaji kubadilika ni fomu ya ukurasa mmoja.

Na kwa anayemaliza deni lake mwezi huu: usitoke ofisini bila barua ya kumaliza mkopo, hati au kadi ya chombo ulichoweka dhamana, na jina la mdhamini wako kufutwa kwenye jalada. Kama nyumba ilikuwa na rehani iliyosajiliwa, fuatilia mpaka rehani iondolewe kwenye daftari la msajili wa hati.

Wasaidizi wa kisheria na watunza vitabu wa vikundi,
Uyole, Mbeya